Mwezi wa Kutembelea Mlima Itaswi

Hezron Nzunda wa Igamba alipofikisha miaka arobaini na sita alikuwa amekwisha kubeba karibu kila kitu ambacho kichwa cha mtu kinaweza kukibeba. Alibeba sululu za wachimba dhahabu mpaka Lupa. Alibeba minyororo ya wapima ardhi, beseni la bati la kuogea la mke wa ofisa mmoja, na kinanda cha misheni, ambacho kilitoa sauti kila mara mbebaji alipojikwaa, kwa hiyo safari nzima watu wa mbele walijua Hezron amejikwaa mara ngapi. Katika safari zote hizo alitembea nyuma. Mbele alikwenda mwenye safari na fimbo yake, akafuata mpishi na sufuria zake, kisha wapagazi. Hakuna mtu Mbozi aliyejua migongo ya watu wa namna nyingi kama Hezron.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa pili mwaka 1953 ziliposikika habari kwamba ofisi ya misitu inatafuta mtu wa kuwaongoza wageni katika Mlima Itaswi, mtu wa kutembea mbele, mikono mitupu, Hezron aliitamani kazi hiyo kiasi kwamba kwa siku mbili hakuitaja nyumbani. Siku ya tatu mkewe, Ruti, ndiye aliyeitaja.

"Baba Tabita, hiyo kazi ya mlimani umekwisha kuiomba, au bado unaiota tu?"

"Nani kakwambia ninaiota?"

"Jana umeniongoza kwenda kisimani. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na siku zote hizo hukujua kisima kiko upande gani."

Hezron akaenda kuiomba.

Itaswi si mlima wa kutisha. Hauna theluji kileleni wala moto tumboni. Unasimama pale nyanda za juu zinapokatika na kuanza kuteremka kwenda bonde la Rukwa, na kwa watu wa Igamba ulikuwa mahali pa kuchuma matunda, kurina asali na kutafuta ng'ombe waliopotea. Lakini serikali ilikuwa imeanza kutenga sehemu za nchi ili watu waende kuzitazama. Jambo hili lilizungumzwa sana Igamba. Waliouliza watu watatazama nini waliambiwa watatazama tu, na hawakuridhika na jibu.

Mwezi wa tatu ofisa wa misitu, ambaye watu walimwita Bwana Miti, alifika mwenyewe kwenye baraza la jumbe. Alikuwa kijana mwenye shingo iliyoungua jua, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ilimradi asiharakishwe. Alieleza kwamba mzee mmoja Mzungu, aliyestaafu kazi ya reli, anaandika kijitabu cha wasafiri kuhusu milima ya nchi hii. Anazunguka mlima hadi mlima mwaka mzima, na kwa kila mlima anataka mambo manne: urefu wake, njia yake, maji yake, na mwezi ulio mzuri kuutembelea. Itaswi ataupanda mwezi wowote atakaoambiwa. Ziara ikienda vizuri, ofisi itaajiri kiongozi mmoja. Majina yaliyofika mezani yalikuwa mawili, Hezron Nzunda na Yonasi.

Yonasi alikuwa kaka yake Ruti. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na koti zito la jeshi, na maneno kama hamsini ya Kiingereza, mengi yao yakiwa amri. Kwa kuwa alikuwa shemeji yake Hezron, alikuwa na ruhusa ya kumtania popote, na ruhusa hiyo hakuwahi kuiacha ikae bure.

"Basi niambieni," Bwana Miti akasema. "Mwezi gani ni mzuri?"

Kila mmoja alijibu kwa kadiri ya shughuli zake. Wenye kahawa walisema mwezi wowote, isipokuwa ule wa kuchuma kahawa. Mzee wa kanisa alisema wowote, isipokuwa wa Pasaka. Yonasi alisema jeshini hawakuwa wakichagua mwezi, waliambiwa panda nao wakapanda, na mwezi wakaujua walipofika juu.

Hezron akasimama. "Mwisho wa mwezi wa kumi," alisema, akakaa.

Baraza zima likaafiki papo hapo. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua kwamba mtu wa Igamba akiulizwa ni lini atembelewe, anajua ameulizwa ni lini ana chakula. Mwezi wa kwanza na wa pili, ghala linapoonyesha sakafu yake, mkwe mwenye adabu hukaa kwake. Akilazimika kuja, huja na unga wake na kusingizia kwamba ulimzidia nyumbani. Itaswi nao una ghala lake. Miteremko yake imejaa miti ya misuku, na matunda yake, masuku, huanza kuiva mwisho wa mwezi wa kumi. Asali nayo haiko mbali. Wanaume wa Igamba walikuwa wakiupanda mlima huo mwezi huo tangu enzi za babu zao, na hawakuona sababu ya mtu kuupanda wakati mwingine, labda awe amepoteza ng'ombe. Kumpeleka mgeni mlimani wakati mlima hauna kitu kungekuwa kumwaibisha mgeni na kuuaibisha mlima.

Bwana Miti alikuwa ametumwa kuleta mwezi. Alipoupata akauandika, akapanda lori lake.

Nyumbani Ruti alikuwa akipepeta maharage.

"Mmempa mwezi gani?"

"Wa kumi."

Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. "Huyo mzee anakuja kufanya nini?"

"Kutembelea."

"Kutembelea, afanye nini?"

"Mama Tabita, mtu akitembelea anafanya nini? Anakaa, anakula, anaaga."

Ruti hakusema zaidi. Hezron aliuhesabu ukimya huo kuwa ni kukubali, kosa ambalo waume hulifanya hata nje ya Mbozi.

Mwezi wa kumi ulipofika, Hezron alijiandaa kuliko bwana arusi. Alifyeka miiba njiani. Alifua shati lake mara mbili. Alikwenda mlimani peke yake akaonja masuku ya mti mmoja hadi mwingine, na miti sita aliyoiona ina matunda matamu zaidi akaifunga kamba ya gome, ili mtu mwingine yeyote aone haya kuigusa. Jambo moja hakulitazama, kwa sababu lilikuwapo kila mwaka na hakuna mtu Igamba aliyekuwa na habari nalo. Mwezi huo watu wote, kuanzia Mbozi hadi Unamwanga na ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakichoma moto mashamba na nyika wakingoja mvua.

Mgeni alifika tarehe ishirini na saba. Alikuwa mzee mwembamba wa miaka sabini hivi, mwenye goti bovu, darubini shingoni, na kigoda cha kukunja ambacho hakumruhusu mtu kukibeba. Kiswahili chake kilikuwa cha stesheni. Kila jambo aliliuliza litafika saa ngapi. Pamoja naye alikuwapo Bwana Miti, na wapagazi wanne, mmoja wao Yonasi, ambaye alikuwa ameomba kwenda kama akiba, iwapo, kama alivyosema, kiongozi angeharibika njiani.

Hezron akatangulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea hivyo, na hatua mia za mwanzo zilimpa taabu, kwa maana hakujua mikono inawekwa wapi. Aliiweka nyuma, akaitia mifukoni, mwishoni akavunja fimbo ili iwe na kazi.

"Shemeji," Yonasi akaita kutoka nyuma, chini ya sanduku la chakula, "ukichoka kubeba hiyo mikono, nipe mmoja."

Kwenye kilima cha kwanza mgeni alikunjua kigoda chake, akainua darubini, akaielekeza kaskazini.

"Ziwa Rukwa liko wapi?"

Hezron akanyoosha kidole. "Lipo pale, Bwana."

"Silioni."

"Hata mimi silioni. Lakini lipo."

Mgeni aliteremsha darubini, akaifuta vioo, akatazama tena. Kisha akakunja kigoda. Kwenye kilima cha pili aliuliza lile lile, na Hezron akanyoosha kidole tena.

"Kidole chako kinasogea, shemeji," Yonasi alisema. "Kule chini ulilionyesha kwenye kile kichaka. Ni ziwa gani hilo linalohama?"

Wapagazi wakacheka, wakijitahidi isiyumbe mizigo. Hezron aliwapeleka kwenye mti wa kwanza uliofungwa gome, akachuma masuku yaliyokuwa laini kama shavu, akayaweka katika kofia yake na kumpelekea mgeni kwa mikono miwili. Mgeni akala. Wakaenda mti wa pili, akala tena. Alikuwa mtu wa haki, na alisema kwamba matunda ni mazuri sana. Alisema hivyo kama abiria anayesifu chai ya stesheni huku akiulizia treni yake.

Saa sita walikuwa kileleni. Kutoka hapo mtu hutegemea kuona nchi yote. Waliona jua, jekundu na dogo kama kaa la moto ndani ya majivu, na chini yake moshi. Kaskazini kulikuwa na moshi, na kusini kulikuwa na moshi ulio mweusi kidogo. Mgeni alikaa juu ya kigoda chake kwa muda mrefu, akila masuku na kupanga kokwa mstari mmoja juu ya jiwe. Hezron alizihesabu kokwa. Zilikuwa kumi na moja, na kwa kipimo chochote alichokijua, ziara ilikuwa imekwenda vizuri.

Bwana Miti akamvuta kando. "Hezron, mzee huyu amekuja kuona ziwa. Ramani yake inasema ziwa linaonekana kutoka hapa."

"Mimi sikuambiwa amekuja kuona ziwa, Bwana. Niliambiwa amekuja kutembelea."

"Sawa. Huonekana mwezi gani?"

Yonasi alikuwa karibu, akifunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa. Hezron aliona wazi kwamba angeweza kutaja mwezi wowote na ungeandikwa, kama ulivyoandikwa ule wa kwanza. Alijiuliza kwa haki kabisa. Amepanda Itaswi miaka thelathini. Katika miaka hiyo alitazama matawi, akatazama mizinga, akatazama nyayo za ng'ombe. Ziwa hakumbuki.

"Sijui," alisema. "Sisi tukija huku tunatazama miti."

Bwana Miti alivuta pumzi. Mgeni, alipotafsiriwa jibu hilo, alilipokea vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Alifungua daftari, akaandika urefu, akaandika njia, akaandika maji. Mahali pa mwezi aliacha wazi. Alisema yeye ataondoka nchini katikati ya Novemba, lakini kitabu hakitapigwa chapa kabla ya Agosti inayofuata. Mtu akiupata huo mwezi wenye ziwa, amwandikie.

Walipokuwa wakishuka, Bwana Miti alitoa hukumu yake, na aliitoa mbele ya wapagazi wote ili pasiwe na maneno baadaye. Yeye atarudi Itaswi mara moja tu. Hezron atamletea taarifa aje mwezi gani. Ziwa likionekana, kazi ni ya Hezron. Lisipoonekana, ni ya Yonasi.

"Mimi sina haraka," alisema Yonasi. "Burma nilingoja miaka mitatu."

Jioni ile Hezron alikula kwanza. Alipomaliza akamweleza Ruti yote, isipokuwa habari za kidole kuhama, ambazo Ruti alikwisha kuzipata kwa kaka yake.

"Mwezi wa sita linaonekana," Ruti akasema. "Kama sahani iliyooshwa."

"Umelionea wapi?"

"Hapo hapo juu. Tunapokwenda kukata nyasi za kuezekea. Hilo paa lililo juu ya kichwa chako unafikiri liliota?"

Hezron alitazama juu, kwenye nyasi. "Miaka yote hiyo hukuniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba kuna ziwa? Si unajua kuna ziwa?"

"Na siku ile nilipotoka barazani?"

"Nilikuuliza anakuja kufanya nini. Ukanijibu anakuja kula."

Hezron hakuwa mtu wa kuweka maisha yake juu ya shahidi mmoja, hata akiwa mkewe. Siku zilizofuata alionekana akizungukia nyumba za majirani kwa visingizio dhaifu. Kwa mjane Nesta alikwenda kuulizia kuku, na kati ya kuku na kuaga akauliza kama mwezi wa sita mlimani huwa kuna baridi. Nesta alisema ipo, na kwamba asubuhi ziwa linaonekana lote, na moshi wa wapika chumvi wa Ivuna unapanda wima kama uzi.

"Lakini kwa nini unaniuliza, baba? Ruti kakutuma utujaribu?"

Aliwauliza wanawake watano. Wote walisema mwezi wa sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa barazani, na hakuna aliyeonyesha kushangaa. Mwalimu Danieli wa shule ya kijiji alimwandikia Hezron barua ya kwenda kwa Bwana Miti: mwezi wa sita, wiki ya pili.

Ikabaki miezi ya mvua, mahindi, na hofu. Hofu ya Hezron ilikuwa ya kweli, na kadiri mwezi wa sita ulivyokaribia ndivyo ilivyokuwa na sababu. Mwanzoni mwa mwezi huo alikwenda mlimani kujaribu, na kabla jua halijakaa sawa akawa amepotea. Mlima wa mwezi wa kumi umeungua, na njia huonekana kama mstari wa kuchana nywele. Mlima wa mwezi wa sita una nyasi zinazompita mtu kimo. Mawe aliyoyajua yalikuwa yamezama. Miti aliyoijua kwa matunda yake ilikuwa mitupu, na msuku usio na tunda, kwa Hezron, ulikuwa mti kama miti mingine. Alitoka saa tisa alasiri upande ambao hakuutegemea, katika shamba la mtu asiyemfahamu, akajifanya anatafuta ng'ombe.

Kesho yake alimfuata Ruti. Hivi ndivyo mtu anayeomba kuwa kiongozi wa Itaswi alivyofundishwa kazi: mkewe mbele na mundu, yeye nyuma. Ikabainika kwamba milima ni miwili juu ya mawe yale yale. Njia ya wanaume hupita kwenye miti, maana wanaume wanafuata vya kula. Njia ya wanawake huzunguka kwa mashariki, juu ya mwamba ambapo nyasi ni fupi na mtu anaona anapokanyaga, kisha hupanda ghafla hadi kileleni, kwa kuwa nyasi ndefu na safi ziko hapo juu. Ruti hakueleza haya. Alikwenda tu.

Kileleni upepo ulikuwa wa kuuma masikio. Hezron aliinua uso. Ziwa lilikuwa pale, refu kuliko alivyowahi kufikiri, rangi ya bati jipya, na ng'ambo yake milima ya Ufipa, ambayo aliijua kwa jina tu, ilikuwa imejipanga mmoja mmoja. Upande wa Ivuna moshi ulipanda wima, kama Nesta alivyosema. Alisimama muda ambao Ruti alitumia kukata tita zima.

"Kumbe ni kubwa," alisema.

"Shika hapa nifunge kamba," Ruti akasema.

Na kwa kuwa alikuwapo, na kwa kuwa alikuwa na kichwa chenye uzoefu, alishuka na tita.

Bwana Miti alikuja tarehe kumi na moja. Yonasi alikuja pia, ndani ya koti lake la Burma, na safari hii hakubeba kitu, akisema kwamba akiba halisi haichoshwi. Walianza kupanda kungali na umande.

"Njia hii siyo ile," alisema Bwana Miti walipoanza kuzunguka kwa mashariki.

"Siyo, Bwana. Ile imefunikwa."

"Wewe huku ulipajua lini, shemeji?" akauliza Yonasi.

"Tangu zamani," alisema Hezron. Tangu siku hiyo ya zamani zilikuwa zimepita siku sita.

Karibu na kilele waliwakuta wanawake wakikata nyasi, Ruti katikati yao. Aliinuka, akapangusa mundu, akawaamkia wageni wote kwa heshima, mumewe akiwa wa mwisho. "Kiongozi," alimwambia, "umewafikisha salama?" Wanawake waliinamia nyasi zao kwa bidii mpya, na migongo ikatikisika. Hezron alijibu kwamba amewafikisha salama, akapita haraka.

Kileleni hapakuhitajika kidole. Bwana Miti alivua kofia, jambo ambalo katika baridi ile halikuwa la busara, akatazama. Yonasi naye alitazama. Mwishoni alisema kwamba Burma waliwahi kuona ziwa kubwa zaidi, lakini alilisema kwa sauti ndogo na hakuna aliyelichukua.

Bwana Miti akatoa daftari. "Kwa hiyo nimwandikie mzee, mwezi wa sita?"

Lililobaki lilikuwa neno moja, na kwa neno hilo Hezron angekuwa mtu wa kutembea mbele kwa maisha yake yote. Bwana Miti alingoja na kalamu. Hezron alitazama pembeni yake. Hapakuwa na suku hata moja. Hapakuwa na nyuki. Palikuwa na nyasi, mawe na upepo, na hapo ndipo alipotakiwa awaalike watu waliovuka bahari.

"Bwana, ungeandika yote mawili," alisema. "Wa sita kwa anayetaka kuona. Wa kumi kwa anayetaka kukaa."

"Nafasi ni ya mwezi mmoja."

"Mwezi wa kumi wangekula vizuri."

"Hezron."

"Sasa wakija mwezi huu watakula nini?"

"Watakuja na mikate yao."

Hezron alifikiri juu ya hilo. Mgeni anakuja na chakula chake, anakila mwenyewe mbele ya mwenyeji, na jambo hilo linapigwa chapa katika kitabu ili nchi zote zisome. "Na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama hapo," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mwenzake.

"Wewe au Yonasi," alisema Bwana Miti, bila ukali. "Baridi inazidi. Niandike?"

"Andika wa sita," Hezron akasema, kwa sauti ya mtu aliyetakiwa kutangaza kanisani kwamba kwake hakuna unga.

Aliajiriwa mwezi wa saba. Kitabu kilifika Igamba mwaka uliofuata, nakala moja, na mwalimu Danieli alikisoma kwa sauti akitafsiri. Itaswi ulikuwa umepewa mistari tisa. Mwezi uliotajwa ulikuwa wa sita, na mahali pa chakula paliandikwa kwamba msafiri abebe cha kwake. Hezron alitoka nje mwalimu alipofika hapo.

Msimu wa kwanza wageni walikuja mara tatu, wote mwezi wa sita. Walipanda nyuma ya Hezron, wakatazama kaskazini, wakapiga picha, wakala mikate yao wakiwa wamesimama kwa sababu ya baridi, wakashuka siku hiyo hiyo. Kila safari Hezron alichukua viazi vya kuchoma katika mfuko, akawalazimisha wavionje, na walikubali kwa adabu. Mwezi wa kumi hakuja mtu. Wanaume wa Igamba waliupanda mlima wao kama kawaida, ndani ya moshi wao kama kawaida, na hakuna aliyewaulizia ziwa.

Ilikuwa chini ya msuku mmoja, mwezi huo, mdomo ukiwa umejaa, ambapo Yonasi alitangaza alichokigundua.

"Shemeji, nakuvulia kofia. Sote tulidhani umeshindwa. Kumbe wageni umewapa mwezi wa njaa, na wa shibe umetubakishia sisi."

Wenzake walitafuna, wakalifikiria, wakaona ni kweli. Kufika Jumapili habari hiyo ilikuwa imeenea Igamba nzima na nusu ya Mbozi. Jumbe alimsalimia Hezron kwa mikono miwili nje ya kanisa. Wazee waliokuwa hawajawahi kumuuliza shauri lolote walimsogezea nafasi kwenye benchi, na mmoja alimnong'oneza kwamba mtu mwenye akili kama hiyo angefaa kuketi baraza la mahakama.

Hezron, aliyekuwa ameupigania mwezi wa kumi mpaka kalamu ilipogusa karatasi, alirudi nyumbani akiwa hana raha.

"Mama Tabita, wanasema niliwazidi wale Wazungu kwa akili. Niwaambie ukweli?"

Ruti alikuwa akimenya viazi. "Ukweli upi? Kwamba ulikuwa hujui ziwa linaonekana lini, au kwamba nani alikuwa anajua?"

Hezron alivuta kiti, akakaa, akachukua kisu kingine na kuanza kumenya. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi ile ile, na mtu alipomsifu tena, alitazama mlima na kusema kwamba mambo hayo yanahitaji uzoefu.